Dobi Aliyedaiwa Ngoma

Nchi ya Mirindimo nimefika, na nitaisimulia kama nilivyoiona. Jinsi nilivyokwenda na jinsi nilivyorudi ni habari ya vumbi na maumivu ya mgongo, na sioni kwa nini nimchoshe msomaji kwa mgongo wangu. Nianzie pale nilipowakuta watu.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa shule iliyofunikwa. Bango la kitambaa cha manjano lilikuwa limetandazwa mbele ya jengo zima, pembe hadi pembe, na maandishi yake yalikuwa marefu kama milango: HISANI YA BWANA ABEID, MTENGENEZA SABUNI. Bango lilikuwa limeziba madirisha yote, na ndani nilisikia watoto wakisoma kwa sauti, mmoja akisema, "Mwalimu, sioni," na mwalimu akijibu, "Mimi pia sioni, endelea."

Langoni palikuwa na mwanamke akiuza karanga. Nikamsalimu, nikamuuliza ni kitu gani alichotoa Bwana Abeid hapa.

"Ndoo," akasema.

"Ndoo nyingi?"

"Ndoo, bibi. Ile pale."

Nikaiona. Ilikuwa ndoo nzuri, ya kijani, imekaa peke yake uwanjani na utepe umefungwa kwenye mshikio.

"Na kwa nini bango liwe kubwa kuliko shule?"

"Sheria. Bango lazima lizidi kilichotolewa. Kwani wewe umetoka wapi, bibi yangu, hata hujui hilo?" Akanimiminia karanga mkononi kabla sijajibu, akaangalia huku na huku, akasema, "Zitafune haraka. Hazina ngoma hizo."

Huyo ndiye Bi Riziki, na mdomo wake nitaueleza baadaye. Yeye ndiye aliyenifahamisha mambo ya nchi ile. Kule, kila mwenye biashara, mkubwa kwa mdogo, anaamriwa na sheria awafae watu wa mtaa wake. Niliposikia hivyo niliisifu nchi, maana kwetu jambo hilo kila mtu huliacha kwa moyo wake, na mioyo mingine ina usingizi mzito. Lakini sheria haikuishia hapo. Zamani walikuwapo wafanyabiashara walioapa kwamba wamesaidia wakati hawakusaidia, kwa hiyo Baraza likaamua kuwa wema hautahesabiwa kuwa wema mpaka ngoma za serikali zije zipigwe, hotuba itolewe, utepe ukatwe na bango lipimwe. Wema uliofanyika kimya ukaitwa wema wa magendo. Asiyefanya lolote hupewa onyo tu. Anayefanya kimya hufungiwa duka.

"Na ngoma ziko nyingi?" nikauliza.

"Ziko seti moja, nchi nzima. Ndiyo maana unaona wema wetu unakwenda taratibu."

Jioni ile nilitafuta pa kupumzika katika mtaa ulio nyuma ya shule, mtaa wa nyumba fupi na miti ya mpera. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa amesimama nyuma ya meza ndefu, katika chumba kilichofunguka barabarani, akipiga pasi ya mkaa. Aliponiona akaiweka pasi chini.

"Ingia, bibi. Kanga zako zimechoka kuliko wewe."

Akanipa ya kwake nijifunge, akanikalisha, akanipa chai ya tangawizi, na kabla sijaimaliza kanga zangu zilikuwa zimefuliwa, zimeanikwa karibu na moto, na zimenyooshwa. Jina lake Mwatumu. Kazi yake udobi, kama mama yake kabla yake. Nilikaa kwake siku zote nilizokuwa kule, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kukaa na kutazama, nilitazama.

Niliona maji ya suuza ya mwisho hayamwagwi ovyo. Aliyatembeza kwenye mfereji wa mtaa mpaka takataka zote zikaondoka, na yaliyobaki akayanyunyiza barabarani kulaza vumbi mbele ya nyumba ya mzee mmoja mwenye pumu. Niliona shati jeupe limetundikwa msumarini, peke yake, na vijana wakija kuliazima. Kijana akiitwa mahali kwa ajili ya kazi, hulivaa, huenda, hulirudisha, na Mwatumu hulifua tena.

"La nani hili?" nikamuuliza.

"La marehemu mume wangu. Yeye alilivaa siku ya kunioa tu, akasema linambana shingo." Akacheka. "Sasa limepata kazi kuliko yeye."

Na asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, niliona wanawake wa mtaa wakija mmoja mmoja, kila mmoja na kigae cha chungu mkononi. Mwatumu alikuwa amewasha mkaa wa pasi zake. Alifungua pasi, akachukua kaa jekundu kwa koleo, akaweka kwenye kigae, na mwanamke akaenda zake kuwasha jiko la nyumbani. Hakuna aliyesema neno. Kikohozi tu, na "umeamkaje," basi.

"Mwanangu," nikamwambia, "huogopi? Hizi zote hazina ngoma."

"Bibi, nikiita ngoma kwa kila kaa, litakuwa majivu kabla hotuba haijafika katikati. Na watoto watakwenda shule bila uji."

Kisha ikaja siku ya ukaguzi shuleni, na siku hiyo ndiyo iliyomponza. Usiku wa kuamkia siku ile Mwatumu alikuwa amenyoosha sare za watoto wote wa mtaa. Asubuhi wakatoka barabarani wamenyooka kama kurasa mpya za daftari. Na kwa bahati mbaya aliyekuwa akipita ni Bwana Faki, Afisa wa Ngoma.

Nisimseme vibaya mtu yule. Alikuwa mrefu, mwembamba, kamba ya kupimia mabango ameivaa shingoni, na nilimwona kwa macho yangu akisimama kumpisha kuku na vifaranga vyake. Lakini sheria ilikuwa imemjaa hadi kooni. Alisimama katikati ya njia, akageuka polepole, akanusa.

"Mfereji safi," akasema. "Vumbi limelala. Watoto wamenyooka. Na mimi sijaleta ngoma mtaa huu tangu niapishwe." Akamshika mtoto mmoja begani. "Nani kakunyooshea shati?"

"Limenyooka lenyewe," akasema mtoto.

"Na lako?"

"Nimelilalia."

Bi Riziki, aliyekuwa akipita na sinia lake la karanga, akadakia, "Watoto wa mtaa huu hulala kwa nidhamu, bwana. Wa kwako je?"

Huenda ingeishia hapo. Lakini msichana mmoja alikuwa amechelewa, akatoka mlangoni kwa Mwatumu na kigae mkononi na kaa linang'aa ndani yake. Faki akamzuia. "Moto huu umetoka wapi?"

Mtoto akageuka kutazama mlangoni, machozi yakimlengalenga. Mwatumu akatoka mwenyewe, akijifuta mikono kwenye kanga.

"Umetoka kwangu. Muache apite, bwana, kigae kinamchoma."

Faki akampisha mtoto. Kisha akafunga kamba nyekundu mlangoni kwa Mwatumu.

Baraza lilikaa siku ya pili, nami nilikwenda, maana wageni wanaruhusiwa kukaa nyuma. Walikuwa watu wa heshima na walizungumza kwa heshima. Nilidhani watajadili kama Mwatumu amekosa. Hilo hawakuligusa. Walijadili kaa la moto.

"Je," akauliza mjumbe mmoja, "kaa ni wema mmoja, au kila jiko lililowashwa kwalo ni wema wake?"

"Na likizimika njiani?" akauliza mwingine. "Ni wema nusu?"

"Likizimika si kosa la mtoaji. Ni kosa la upepo."

"Basi upepo nao uitwe."

Walibishana hivyo hadi adhuhuri. Mmoja alitaka kujua bango la kaa litakuwa na ukubwa gani, kwa kuwa sheria inasema lizidi kilichotolewa, na kaa ni dogo. Akaogopa kwamba nchi itajaa mabango madogo yasiyosomeka. Mwisho wakatoa hukumu. Mwatumu asifungwe jela, maana kweli amewafaa watu. Lakini anadaiwa ngoma. Kila wema alioufanya kimya lazima upigiwe ngoma upya, mmoja mmoja, pale pale mlangoni kwake, na duka lake libaki limefungwa kwa kamba nyekundu mpaka ngoma ya mwisho ipigwe.

"Na nikishindwa kuzikumbuka zote?" akauliza Mwatumu.

"Hutafungua," akasema mwenyekiti, kwa upole kabisa.

Tulirudi nyumbani. Udobi ndio uliokuwa ukimlisha, na nguo za watu zilikuwa ndani, zimelowekwa. Usiku ule hakulala. Nilimsikia akinong'ona gizani akijaribu kukumbuka, na kila mara akisema, "Lakini ile haikuwa wema, ile nilikuwa nimeshawasha pasi tu."

Asubuhi ngoma zikaja. Zilikuwa kubwa, zimepambwa kwa shanga, na wapigaji walivaa kofia nyekundu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Kheri, mtu mnene mwenye mikono kama makasia. Faki akasimama na kusema anayejua wema wowote wa dobi huyu aseme, upigiwe, ufutwe.

Nilihofu kwamba watu watakaa kimya kwa woga. Kumbe wapi. Mzee mwenye pumu alikuwa wa kwanza. "Alilaza vumbi langu." Ngoma ikapigwa. Hotuba ikatolewa, fupi. "Aliniazima shati, nikapata kazi bandarini." Ngoma. "Nami shati lile lile, lakini kazi sikupata." Faki akafikiri, akasema ngoma ipigwe hivyo hivyo. Bi Riziki akaja na kusema, "Alinipa kaa juzi. Na siku iliyotangulia. Na kila siku tangu niolewe, na mume wangu mwenyewe siku zote hizo hajanitupia hata jicho." Watu wakaangua kicheko, na ngoma ikaanza kuhesabu makaa ya Bi Riziki, na ikaendelea hadi jua likawa utosini.

Watu walikuwa wakikumbushana. "Na lile pazia la msiba wa kina Bi Tatu, nani alilinyoosha?" "Aa, kumbe ni yeye!" Mtaa ulikuwa umeishi na mambo hayo miaka mingi, na sasa ndiyo kwanza ulikuwa ukiyasikia kwa pamoja. Nilimtazama Mwatumu. Alikuwa ameketi kizingitini, chini ya kamba nyekundu, amejifunika uso kwa kanga kwa haya.

Jua lilipokuwa kali, Mzee Kheri akaanza kukauka midomo. Mwatumu akaona. Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na mtungi wa maji na bakuli, akawapitishia wapigaji wote.

"Simama!" Faki akapiga kelele. "Unafanya nini?"

"Wana kiu, bwana."

"Huo ni wema! Huo nao unadaiwa ngoma!"

"Basi ongeza," akasema Mwatumu, "lakini mwache mzee anywe."

Ikabidi ipigwe ngoma ya maji. Ilipopigwa, ngozi ya vidole vya Mzee Kheri ikachubuka, na Mwatumu akachana kipande cha kanga yake kuukuu akamfunga. Ngoma ya kitambaa. Mtoto mmoja akasinzia juani, Mwatumu akamhamishia kivulini. Ngoma ya kivuli. Ndipo Faki alipotambua, na sisi sote tulipotambua, kwamba deni lile halikuwa linapungua. Mwanamke yule hakuweza kukaa mahali penye watu bila kuwafaa. Kadiri walivyompigia ngoma ndivyo walivyochoka, na kadiri walivyochoka ndivyo alivyowahudumia. Kamba nyekundu ile ingekaa mlangoni mpaka sisi sote tuzeeke.

"Mwanangu," nikamnong'oneza, "jizuie kidogo. Funga macho, duka lifunguliwe."

"Nimejaribu, bibi. Nikifunga macho nawasikia wanahema."

Wakati mambo yamekwama hivyo huku, kule mjini nako mambo yalikuwa yamekwama, kwa sababu seti ya ngoma ilikuwa moja tu. Mwenye kutaka kutoa kisima aliambiwa angoje. Mwenye kutaka kutoa madawati aliambiwa angoje. Bwana Abeid wa sabuni alikuwa ameandaa mabati ya paa la shule, na bango lake limeshashonwa, kubwa kuliko la ndoo. Akatuma watu wake kuulizia ngoma. Wakarudi na jibu: ziko kwa dobi. Akatuma tena. Bado ziko kwa dobi. Na mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa milima, meusi kama masizi.

Siku mvua ilipokaribia kabisa, tukamwona Bwana Abeid anakuja mtaani kwa miguu. Shati lake lilikuwa limechanika begani, lina kutu, na kidole gumba kimevimba. Akasimama mbele ya Faki kama mtoto aliyevunja sahani.

"Bwana Afisa, nimekuja kujisalimisha. Nimeezeka shule."

"Bila ngoma?"

"Bila ngoma. Nililiona wingu. Nikasema nitangoja. Kisha nikasikia watoto wakisoma chini ya lile paa bovu, na nikaona mikono yangu inashika bati." Akakitazama kidole chake. "Tena lile bango la ndoo nimelitandua. Walisema hawaoni."

"Na nani alikushuhudia?"

"Mpishi wa shule. Alinipa uji." Uso wa Bwana Abeid ukabadilika, ukawa mdogo na mpya. "Uji mtamu sana, bwana. Nimekula karamu nyingi za ufunguzi, lakini uji ule... Alinimiminia akaniambia, 'Kunywa baba, umeloa jasho.' Hakujua mimi ni nani."

Bi Riziki akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Ajabu! Kumbe ana mikono. Tulidhani ana bango tu." Na Bwana Abeid ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Utafungiwa kiwanda," akasema Faki, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Ungoje zamu yako. Ngoma bado zina kazi hapa."

Akamgeukia Mzee Kheri aanze tena. Mzee Kheri alikuwa ameziweka fimbo zake chini.

"Mimi basi," akasema. "Huyu mama amenifunga vidole hivi. Unataka niupigie ngoma wema wa vidole vyangu kwa vidole vyenyewe? Piga wewe."

Faki alikuwa mtu wa wajibu. Akavua koti, akashika fimbo, akapiga mwenyewe. Hakujua kupiga. Alipiga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Akapiga kwa ajili ya maji, akapiga kwa ajili ya kitambaa, jasho likamtiririka, pumzi ikamwishia, akaegemea ngoma.

Mtaa wote ukamtazama Mwatumu. Tulijua atakalolifanya, na tulijua litamgharimu nini, na yeye alijua zaidi yetu. Alilitazama duka lake. Aliitazama kamba. Kisha akanyanyuka, akateka maji kwenye bakuli, akamwendea Faki na kumnyooshea kwa mikono miwili.

Faki hakulipokea. "Nikinywa," akasema polepole, "deni lako linaongezeka."

"Najua, baba. Kunywa."

"Hutafungua duka."

"Unatetemeka. Kunywa kwanza, mengine tutayasema."

Alilitazama bakuli muda mrefu. Sijui afisa huwaza nini saa kama ile, lakini najua mwenye kiu huwaza nini. Akalichukua, akanywa yote, hata yaliyomwagika kidevuni akayafuta na kuyalamba. Kisha sote tukangoja, maana sheria ilikuwa wazi: sasa ilimbidi aupigie ngoma wema aliotendewa yeye.

Akaiinua fimbo. Akaishusha. Akaenda mlangoni, akahangaika na fundo la kamba nyekundu alilolifunga mwenyewe, na lilipomshinda akalikata kwa meno.

"Nitaliambia Baraza," akasema, akitema uzi, "kwamba wema wa mtaa huu umezidi ngoma zetu. Wakitaka kuuhesabu, waje wakae hapa wenyewe."

Baadaye nilisikia kwamba Baraza lilijadili maneno hayo kwa muda mrefu, na mjumbe mmoja akauliza kama kuishiwa ngoma ni kosa la ngoma au la wema. Mwisho wakaamua kwamba anayetaka ngoma ataiomba, na asiyetaka aachwe na watu wake. Lakini mtaa haukungoja kusikia hayo. Mwatumu aliingia ndani, akawasha pasi, harufu ya mkaa na nguo safi ikatoka mlangoni, na wanawake wakapiga vigelegele. Mvua ikaanza, nyepesi. Mzee Kheri akaokota fimbo zake kwa vidole vilivyofungwa kanga na akaanza kupiga taratibu, kisha kwa kasi, mpaka miguu ya watu ikaanza kutafuta ardhi.

Faki akashtuka. "Hii ni ya wema gani?"

"Si ya wema wowote, bwana," akasema Mzee Kheri. "Tunacheza."

Maisha yake yote Faki alikuwa amesimama kando ya ngoma hizo, akingoja zimalizike ili hotuba ianze. Sasa hapakuwa na hotuba. Bwana Abeid akamshika mkono mmoja, mtoto wa kigae akamshika mwingine, wakamvuta mvuani. Akainua goti kama askari, akapinda kiuno mahali pasipopinda, mikono ikaenda kulia ngoma ikiwa imekwenda kushoto, huku uso wake umejaa raha ya mtu anayedhani amepatia.

Nilimwona Bi Riziki amefungua mdomo. Jambo lilikuwa tayari kwenye ulimi wake, na lingekuwa zuri, lingechekesha mtaa mwezi mzima. Akamtazama Faki, akaufunga mdomo, akaingia uwanjani na kucheza vibaya kando yake.